Betri Iliyowekwa Nyuma

Naomie alikuwa na karibu vyote vya kuundia ndege ndogo ya kuchezea. Mota ya umeme isiyozidi limau kwa ukubwa, panga lake la kusukuma hewa, betri na rimoti vilimfikia kutoka Bujumbura. Chuma cha kuchomelea nyaya na kipimo cha umeme alikuwa navyo siku zote, maana kazi yake pale Kimanga, kando ya ziwa, ilikuwa kutengeneza taa za wavuvi. Povu jeupe la kuchonga mabawa lilitoka katika boksi la televisheni. Kilichobaki ni kisu chembamba, msasa, na vibano vya kushikilia vipande mpaka gundi ikauke. Angeweza kuvinunua sokoni asubuhi ileile. Hakuvinunua, akaenda kwa baba yake.

Mzee Cyprien alikuwa fundi wa boti. Tangu mkewe azikwe, sanduku lake la vyombo lilikaa chini ya kitanda, naye akakaa juu ya kitanda. Naomie aliogopa, tena aliogopa kweli, kwamba mzee angemfuata marehemu kwa kukaa tu. Ndege yenyewe ilikuwa njama. Alijua kwamba Cyprien haazimishi hata msumari.

“Papa, minye niko natafuta kisu yako, ile nyembamba.”

“Vyombo yangu haitembeaka yenyewe,” mzee akajibu. Akageuka kitandani. “Iko kazi gani?”

Mtego ukanasa. Kesho yake Cyprien alifika kwa Naomie na sanduku begani na midomo imejaa lawama. Lile povu alilidharau tangu mwanzo: “Hii iko mbao ama mukate?” Lakini mikono ilikuwa na njaa kuliko mdomo. Akalichonga, akalipiga msasa mpaka mabawa yakateleza. Mchana akala ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaongezewa, akala tena. Naomie akachomelea nyaya zake huku moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ikabaki kuweka betri. Video aliyoitazama kwenye simu ilisema wazi: uzito uwe mbele, na ukiishika ndege chini ya mabawa kwa vidole viwili, pua iiname kidogo. Cyprien hakuuliza video wala mtu. Akaichukua betri, akaisukuma mpaka karibu na mkia.

“Uzito iko inakaa nyuma,” akasema. “Pua inyanyuke.”

Ndivyo alivyozipanga boti zake zote, na hakuna hata moja iliyochimba wimbi kwa pua. Katika karakana yake mahali pa mzigo palisemwa na fundi peke yake, na mwanafunzi aliyethubutu kuusogeza alifukuzwa. Naomie akaifunga betri palepale. Akimbishia, vyombo vitarudi chini ya kitanda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa. Anayesikia naye kimpatacho hatuambiwi.

Jumapili baada ya misa wakaenda uwanjani. Naomie akawasha mota, akairusha ndege. Ikanyanyua pua kama ilivyoamriwa, ikazidi kunyanyua, ikasimama kwa mkia hewani, kisha ikaanguka puu. Bawa moja likapasuka. Waliokuja kutazama wakacheka bila huruma.

Cyprien akaiokota. Akaweka vidole viwili chini ya mabawa, kwa mazoea ya mtu anayepima kila anachokishika. Mkia ukalala chini. Akauangalia, akamwangalia binti yake.

“Weye ulikuwa unajua?”

“Ndiyo, Papa.”

“Juu ya nini haukusema?”

“Niliogopa utaacha kazi tena.”

Mzee akakaa kwenye nyasi. Macho yalimjaa machozi, wala hakuyaficha.

“Mama yako alikuwa ananibishia kila siku. ‘Cyprien, ile mbao iko mubovu. Cyprien, ile musumari iko mufupi.’ Kila siku! Tangu alikufa, watu yote wananijibu ndiyo, ndiyo, sawa vile niko maiti. Na weye pia, Naomie?”

Neno lile lilimchoma Naomie kuliko matusi. Miezi yote hiyo alikuwa akimbembeleza kama mgonjwa, akidhani ndio upendo. Akajipangusa uso, akamnyang’anya ndege.

“Betri inaenda mbele,” akasema. “Na hii bawa ya kuume ulikata mubaya. Iko mufupi kuliko ingine.”

“Uongo!” Cyprien akafoka, akainuka haraka. “Lete tupime!”

Wakabishana hadi nyumbani.