Gunia la Mpilipili

Nilipozinduka asubuhi ile, gunia lilikuwa mgongoni mwangu.

Nililijua kwa harufu kabla sijafumbua macho, harufu ya ngano kuukuu na moshi. Nikaketi kitandani nimelishika kwa mikono miwili, na ubaridi ulionipanda haukutoka nje. Gunia lile halikuwa langu. Lilikuwa la mpilipili, na mpilipili ulikuwa wa Nanyama, mtoto wetu wa kwanza, aliyelala chini yake tangu mwaka wa arobaini na sita.

Nilitoka mbio. Bonde lote lilikuwa jeupe. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imeshuka alfajiri, na nyasi zilivunjika chini ya nyayo zangu. Mpilipili ulikuwa umesimama pale pale, ila majani yake yalikuwa meusi, yamelegea kama mboga iliyotoka chunguni sasa hivi.

Wakati huo tulikuwa vibarua wa Kaburu mmoja upande wa Kapseret, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi mjini Eldoret, ambako sisi tulikuita Sisibo. Kaburu huyo tulimwita Tumbaku, kwa sababu ya kiko kisichomtoka mdomoni. Mimi Kituyi nilishika jembe la ng'ombe. Mke wangu Nasambu alipukuchua mahindi pamoja na wanawake wengine. Nanyama alikufa kwa kifua, mwezi wa saba, akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Tulitaka kumpeleka nyumbani Kimilili, Tumbaku akakataa kutupa siku. Alituonyesha kwa kiko pembe ya malisho, chini ya vibanda vyetu.

"Zika hapa," alisema. "Lakini hapana weka mawe. Hapana weka msalaba. Iko siku mimi nalima hapa, na mawe navunja jembe yangu."

Nasambu hakulia mbele yake. Aliingia ndani akatoka na pilipili kavu alizotoka nazo kwa mama yake, zile ndefu zenye kujikunja nchani, akazipasua, akazimwaga mbegu juu ya udongo mbichi.

"Ng'ombe hawakuli pilipili," aliniambia. "Na hii si mawe."

Lakini pilipili ni mtoto wa joto, na Uasin Gishu mwezi wa saba haina huruma na watoto wa joto. Kila mwaka, tangu Juni hadi Agosti, Nasambu alisimika vijiti vinne, akamwaga majivu shinani, na kila jioni akaufunika mpilipili kwa gunia. Asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alikwenda kulifunua jua liingie. Wanawake walimcheka kwamba anavisha mti nguo. Walipojua ni kwa nini, waliacha kucheka, na kuna walioanza kumletea majivu yao.

"Hii pilipili ikikufa," alinieleza mara moja tu, "nitajua namna gani mahali mtoto wangu ako?"

Mpilipili ulivuka Julai mbili. Mnamo Julai ya tatu, mwaka wa arobaini na tisa, habari zikaja kwamba mama yake Nasambu amefariki. Safari hiyo Tumbaku alitoa ruhusa, majuma mawili. Nilimsindikiza Nasambu hadi barabarani, akageuka.

"Baba Nanyama. Jioni, gunia."

"Siwezi sahau."

Jioni tisa sikusahau. Jioni ya kumi kulinyesha manyunyu, na Kipyego, mkamuaji wa ng'ombe, alikuwa na pombe ya busaa kwake. Nililichukua gunia nikajifunika kichwa na mgongo, kama sisi sote tulivyofanya siku za mvua, nikijiambia kwamba nikirudi nitapitia kule nilitandaze. Busaa ilikuwa nzuri. Sikulogwa, sikusukumwa na mtu. Mawingu yalitawanyika huku tukicheka, nikarudi nyumbani nimepata joto, nikalala.

Hilo ni kosa la kwanza, na pengine Mungu angelisamehe upesi. La pili ndilo langu hasa. Kila mtu aliyewahi kulima anajua kwamba mti uliochomwa na baridi hukatwa juu na shina likaachwa. Mara nyingi huchipuka. Hata usipochipuka, kijiti kikavu nacho ni alama. Lakini nilikiona kijiti kile kama mdomo utakaonisema Nasambu akirudi. Nikaung'oa mpilipili mzimamzima, mizizi ikatoka na udongo mwekundu, nikautia motoni hadi ukawa jivu. Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nakificha kifo chenyewe.

Nilijipangia kwamba kabla ya saa sita kutakuwa na mche mwingine ndani ya shimo lile lile. Nikaondoka kwenda shamba la jirani, kwa Kavetsa, mke wa mpishi, ambaye miche yake ilistahimili baridi kwa kuegemea ukuta wa jiko. Alinipa mmoja ndani ya mkebe. Hakuniuliza kitu, na niliporudi nilikuwa karibu kupiga mluzi.

Kutoka juu ya kilima niliona ng'ombe wakigeuka chini ya bonde.

Tumbaku alikuwa ameamua kuyavunja malisho yale siku hiyo, udongo ungali umelowa. Mimi sikuonekana, jembe likapewa mtu mwingine. Lilikuwa limekwenda na kurudi tangu kwenye seng'enge hadi mtoni, na ardhi yote ilikuwa imegeuzwa, nyekundu, bonge juu ya bonge. Nilimfuata nyapara, Kiprono. Miezi iliyopita nilikuwa nimemsihi kwamba siku wakilima kule wauzunguke mpilipili, naye alikuwa amekubali.

"Nimetafuta hiyo pilipili, Kituyi," alisema. "Nimetembea mbele ya ng'ombe nikitafuta. Sikuona. Nikafikiri nyinyi mmeitoa mkapeleka nyumbani."

Aliutazama mkebe mkononi mwangu, kisha akavua kofia yake.

Nilizunguka pale hadi jua likaelekea magharibi. Sikuwahi kuhesabu hatua kutoka mlangoni wala kutoka kwenye nguzo ya seng'enge. Kwa nini ningehesabu, na mti ulikuwepo? Nilipiga magoti hapa, nikainuka, nikapiga magoti pale. Mwishowe niliupanda mche wa Kavetsa mahali moyo uliponiambia, na moyo wangu ulikuwa mwongo tangu asubuhi. Kiprono aliwaambia wapanzi wa ngano wauache. Kamti kamoja hakavunji jembe, alisema.

Nasambu aliporudi hakuingia nyumbani. Aliteremka moja kwa moja bondeni na mzigo ungali kichwani.

"Imekuwa ndogo," alisema.

"Baridi ilichoma. Nikakata."

Alitua mzigo, akachutama, akaweka kiganja juu ya udongo. Nami nikasimama nyuma yake nikimwomba Mungu mambo nisiyostahili.

"Gunia iko wapi?" aliuliza.

Nikampa. Akalitandaza.

Desemba mti ukazaa. Pilipili zake zilikuwa fupi, nyembamba, zimeelekea juu. Niliziona nikataka kuzichuma zote niziteketeze, lakini Nasambu aliniwahi. Alizisaga na chumvi, akaniwekea kando ya ugali na mboga ya saga.

"Ni kali," alisema.

"Ni kali," nikajibu.

Basi, tukala. Nilijiona mwerevu, nikamshukuru Mungu kwamba mke wangu si mchunguzi. Watoto wengine watano wakazaliwa, lakini yeye aliniita Baba Nanyama siku zote, na kila mara jina hilo lilinichoma mahali pale pale. Tumbaku alifunga mizigo yake uhuru ulipokaribia. Chama chetu cha vibarua kikanunua shamba lake, na Nasambu akakataa kila kipande walichotuonyesha isipokuwa kile chenye mpilipili. Ulipozeeka aliotesha mbegu zake papo hapo, na miti hiyo ilipozeeka akaotesha mingine. Kila Julai, gunia jioni, gunia asubuhi.

Mwaka jana kifua kikamshika, kama mtoto wake. Jioni moja ya Juni alinituma nikaufunike. Niliporudi alikuwa ameegemea mto, macho yake mlangoni.

"Baba Nanyama."

"Eeh."

"Pilipili ya mama yangu ilikuwa inaangalia chini."

Nikaushika mlango.

"Hii yetu inaangalia juu," alisema. "Tangu ile Desemba."

"Nasambu..."

"Ulichagua mahali pazuri. Jua inafika mapema."

Akafumba macho, akaniomba maji. Hatukulizungumza tena, na siku kumi na moja baadaye akafariki. Wanangu walichimba kaburi kando ya mpilipili. Mkubwa wao aliwaambia waombolezaji kwamba mama sasa amelala na binti yake, na watu wakasema amina. Nami nilisema amina.

Julai imerudi. Magoti yangu hayataki tena mteremko ule, lakini jioni natoka na gunia nimelikunja kwapani. Mvua ikinikuta njiani, nalowa.