Pampu Mpya ya Mzee Wendelini

Ndugu wananchi wa Lizaboni, kwa heshima na taadhima natangaza kwamba Jumamosi iliyopita historia ya uhandisi iliandikwa katika mtaa wetu. Injini iliyozaliwa kabla ya mama yangu ilifungwa pampu ya oili ya kisasa. Sherehe ilifanyika uani kwetu. Mgeni rasmi alikuwa jogoo, aliyeondoka mapema baada ya kumwagikiwa na oili chafu.

Injini ni ya pikapu ya babu yangu, Mzee Wendelini. Mimi ni mjukuu wake Violet, kidato cha tatu shule ya bweni, nimekuja likizo. Kwa kuwa babu na mjukuu ni watani, yeye huniita mke wangu, na Bibi Kasiana huniita mke mwenzangu.

Mambo yalianza Alhamisi. Babu aliwasha gari, na taa nyekundu ya oili, ambayo huzimika injini ikishaunguruma, ikakataa kuzimika. Na Jumatatu alikuwa ampeleke Bibi hospitali ya Mbesa, akatolewe mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikwisha kufunga. La kulia liliona watu kama moshi wa jikoni. Kwenda kwa basi hakukuwezekana: Bibi hutapika kabla basi halijatoka stendi.

"Ni kitaa tu, Babu," nilisema. "Labda kinakutania."

"Kitaa hakina utani, mke wangu. Oili isipopanda, injini inajisaga. Unataka nimwache bibi yako porini njia ya Tunduru?"

"Atafurahi huyo," Bibi alisema kutoka jikoni. "Anazitaka kanga zangu."

Mtu mwingine angekagua kwanza. Babu alifundisha sayansi miaka thelathini. Yeye hakagui, hutoa hukumu. Alihukumu kwamba pampu imechoka, na kwamba hatafunga ya aina ileile. Atafunga kubwa zaidi.

Jumamosi asubuhi Fundi Kassimu akaja kutoka Matogoro na pampu yenye meno mapana, inayosukuma oili nyingi kuliko ile ya zamani. Aliingia chini ya gari, akashusha sampu, lile bakuli la chuma linalobeba oili, akaitoa pampu kuukuu.

"Imelika kweli, Mzee," alisema.

Babu alitutazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Fundi akaomba mafuta ya mgando. "Pampu kavu haivuti. Naijaza mafuta kwanza, ndipo itanyonya oili mara moja."

Bibi akatoa kopo lake. "Haya, injini ipakwe, mimi nibaki na magaga miguuni."

Saa kumi jioni kila nati ilikuwa mahali pake. Babu alivaa shati la kanisani ili azungushe ufunguo. Injini ikaunguruma vizuri. Tukaitazama taa.

Ikaendelea kuwaka.

"Nimefunga sawasawa, Mzee," alisema Kassimu, na sauti yake ilikuwa imepungua. Babu alizima gari, akakaa juu ya tairi la akiba bila kujali shati.

"Basi, Baba Suzana," Bibi alimwambia Babu taratibu. "Mambo ya macho tuyaache. Nimekwisha kuona mengi."

Hapo utani wote uliniishia. Nikajikuta nasema, "Fundi, huna geji? Si upime presha yenyewe?"

Kassimu alinitazama, kisha akachomoa waya wa taa, akafungua swichi yake kwenye injini na kufunga geji mahali pake. Babu akawasha. Mshale ukaruka juu.

"Presha ipo! Tena ya kutosha kufika Tunduru na kurudi!" Fundi akachungulia dashibodi. "Lakini waya nimeuchomoa, na taa bado inawaka. Inadanganya."

Akaufuata ule waya kwa vidole hadi nyuma ya betri. Akasimama. Waya ulikuwa umechunwa na kufungwa kwenye bodi ya gari kwa kitambaa cheupe.

"Waya ukigusa bodi hivi, hata ufunge pampu kumi taa haizimiki," alisema, akikifungua. "Kitambaa chenyewe kimeshonwa uzi, kama namba."

Babu alianza kutafuta miwani. Bibi alinyoosha mkono, akakipapasa kitambaa kwa kidole gumba, polepole.

"Tatu, moja, nane," alisema. "Huu mshono ni wangu. Shuleni walitaka kila shuka la bweni liwe na namba."

Akageuza uso wake upande niliosimama, ingawa sikuwa nimepumua.

"Mke mwenzangu?"

Nilipiga magoti palepale kwenye oili. Nilisema kwamba niliufunga ule waya Jumatano mchana, Babu akiwa amelala. Kwamba nilitaka tu kumwona akizunguka gari dakika tano akikuna kichwa, halafu nimwambie. Kwamba aliposema "pampu" kwa ile sauti ya darasani niliogopa, na kesho yake nikaogopa zaidi.

"Fundi, hukukosea kitu," nilisema. "Bibi, macho yako sikuyafikiria kabisa. Ni mimi."