Jiko Chini ya Kitanda

Bi Tabu alikuwa na msimamo wake kuhusu baridi ya Julai, na msimamo huo haukuwa wa kujadiliwa. Baridi, alisema, haina shida na mtu mzima anayetembea; shabaha yake ni mzazi. Humwingia kiunoni akiwa hana nguvu, ikatulia humo miaka na miaka, ikaja kujitokeza uzeeni. Ndiyo maana Lulu, mke wa mwanawe Mudathir, alipojifungua mwishoni mwa Juni, Bi Tabu alifunga mlango wa nyumba yake ya Mtoni, akakodi kigari cha kirikuu, akapakia kitanda cha kamba, jiko na gunia la mkaa, akahamia Pugu kulea mzazi.

Kitanda cha kamba na jiko ndiyo iliyokuwa hospitali yake. Mzazi hulazwa juu, jiko likawekwa chini yake makaa yakiwa yamekolea vizuri, na joto likapanda taratibu kupitia kwenye kamba hadi mgongoni. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto, mchana uji wa pilipili manga, jioni supu. Bi Tabu mwenyewe alilazwa hivyo mara tano, Kisarawe, katika nyumba ya makuti ya mama mkwe wake, na mara zote tano aliinuka mzima kama mti.

Nyumba ya Mudathir haikuwa ya makuti. Ilikuwa ya vigae, dari la jipsamu na madirisha ya alumini, na mbele za watu Bi Tabu aliisifia mpaka mate yakamkauka. Peke yake, aliikagua. Chumba cha mzazi kilikuwa na upenyo chini ya mlango na kitundu pembeni mwa dirisha, na kila alfajiri upepo wa vilimani ulipita hapo kama umealikwa. Akatafuta matambara, akasokomeza huku na kule hadi upepo ukashindwa. Kazi hiyo ilimfurahisha sana.

Jirani yao Marietha, mke wa Albano mchonga vinyago, alikuja siku moja kumwona mtoto. Hakumaliza hata kukaa.

"Shikamoo mama. Jamani, humu mnapumuaje? Si mfungue hata kidirisha kidogo?"

"Marahaba. Kwani huko kwenu Newala wazazi mnawaanika uani kama mihogo?" Bi Tabu akajibu. "Sie huku tunawalea."

Marietha akacheka cheko la mtu aliyekanyagwa kidole, akampa Lulu mayai aliyomletea, akaaga. Hakurudi tena. Lulu, pale kitandani, aliinamisha macho akamnyonyesha mwanawe. Alikuwa mkwe mwenye adabu, Lulu, na Bi Tabu alipenda kuwaambia watu hivyo: nikimwambia kaa, anakaa.

Siku ya Sabasaba ikafika. Wajukuu wawili wakubwa, Najat wa miaka minane na Shomari wa mitano, walikuwa wameahidiwa kupelekwa viwanjani Temeke tangu mwezi uliopita, na baba yao alikuwa zamu kiwandani Wazo kuanzia asubuhi hadi jioni. Bi Tabu akasema atawapeleka yeye. Watoto wangetoka nje, mzazi angelala, kila mtu angepata haki yake. Aliwavalisha sweta alizowafumia kwa mkono, akajaza chupa chai ya tangawizi, akafunga visheti kwenye mfuko, kisha akaenda kumuaga Lulu.

"Mama, kichwa kinaniuma tangu jana," Lulu alisema. "Na kichefuchefu."

"Maziwa hayo yanashuka. Na hii simu ndiyo inayokupasua kichwa, kutwa unaichungulia." Akaichukua, akaitumbukiza mkobani. Akaongeza makaa, akasukuma jiko vizuri chini ya kitanda. "Wewe lala. Usifungue dirisha, upepo ukikupata leo mie sina dawa nyingine."

"Sawa, mama."

Kwa kuwa mtoto wa siku tisa haachwi atazamwe na kila mpita njia, Bi Tabu alipotoka alifunga mlango wa nondo kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Ilikuwa saa mbili asubuhi.

Sabasaba ilikuwa imefurika. Mawingu yalikuwa mazito, upepo wa kusi unapeperusha vitambaa vya mabanda, na watu wamevaa makoti waliyoyatoa sijui sanduku gani. Watoto walipanda bembea mara mbili, wakala mahindi ya kuchoma, wakaomba askirimu. Bi Tabu akasema askirimu kwenye baridi hii ni ukichaa, kisha akawanunulia, kwa sababu Shomari alikuwa na macho ya babu yake na aliyajua matumizi yake. Waliketi kwenye nyasi wakanywa chai kwa kupokezana kifuniko cha chupa. Bi Tabu aliwatazama wakichovya visheti, akaona mwaka huu Mungu amempa kila kitu.

Baadaye Shomari akaliona gari la zimamoto.

Lilikuwa limeegeshwa mbele ya banda, na watoto walipanga foleni kuvalishwa kofia ngumu na kupandishwa juu. Pembeni, askari mmoja wa kike alikuwa anazungumza na wazazi huku wakisubiri. Mchangamfu, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika bila kipaza sauti.

"Haya, tusemezane ukweli," alisema. "Baridi hii, nani huingiza jiko la mkaa ndani?"

Watu wakacheka na kutazamana. Bi Tabu akanyoosha mkono juu kabisa.

"Safi, mama yangu, shikamoo. Unawekaga wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Chini ya kitanda cha mzazi. Sie wenyeji ndivyo tunavyolea."

"Na dirisha linakuwa wazi?"

"Wazi la nini, na mzazi yumo?"

Watu wakaangua kicheko. Yule askari hakucheka. Alikuja hadi alipokuwa Bi Tabu, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, yumo humo sasa hivi?"

"Yumo. Yeye na mwanawe. Nimezaa watano juu ya jiko, afande, usinitishe."

"Nyumba gani, mama? Hao watano."

"Ya makuti."

"Makuti yanapitisha hewa. Hii ya sasa ina nini? Vioo? Dari?" Hakungoja jibu. "Mkaa unatoa sumu, mama. Haionekani, haina harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, halafu anapata usingizi, na usingizi huo haamki. Mpigie simu. Sasa hivi. Afungue, atoke."

Kichwa na kichefuchefu. Bi Tabu alitoa simu yake, akabonyeza jina la Lulu, akaweka sikioni. Simu ikaita. Ikaita mkobani mwake mwenyewe, chini ya mfuko wa visheti.

"Ya Rabi," alisema. "Ya Rabi, nimemnyang'anya."

Akampigia Mudathir. Iliita mpaka ikakata, akapiga tena, ikakata. Kiwandani simu hukaa kwenye kabati mpaka zamu iishe, alilijua hilo, lakini alipiga mara ya tatu kwa sababu vidole havikuwa na kazi nyingine. Askari alimuuliza kama kuna jirani. Jirani yupo. Namba yake je? Hana. Alikuwa hajaona haja ya kuwa na namba ya Marietha.

"Mama anayo," Najat alisema. Alikuwa amesimama pembeni na kofia ya zimamoto kichwani, ameacha kuchekacheka. Akaichukua simu ya mama yake, akachora alama ya kuifungulia, ile aliyoizoea kwa ajili ya katuni, akatafuta, akapiga, akamrudishia bibi yake.

Mara ya kwanza haikupokelewa. Bi Tabu aliona wazi kwamba ndiyo malipo yake: mwanamke wa watu ameona jina la Lulu, akadhani ni mama mkwe anayepiga, akageuza simu kifudifudi. Yeye angefanya hivyo hivyo. Mara ya pili ikapokelewa.

"Lulu shoga, nilikuwa nafua..."

"Marietha mwanangu, ni mie. Nakuomba. Nakuomba kwa Mungu. Lulu yumo ndani na jiko, dirisha limezibwa, nimemfungia kufuli. Atakufa. Kimbia."

Marietha hakuuliza hata neno moja. Simu ikajaa pumzi zake na vishindo vya ndala, kisha sauti yake ikimwita Albano aache kazi aje na nyundo. Bi Tabu alisimama katikati ya Sabasaba, kidole kimoja kimeziba sikio la pili, anasikiliza nyumba ya mwanawe. Nyundo iligonga chuma. Iligonga tena na tena, na kila ilipogonga mkono wake ulikwenda kwenye pindo la kanga, kwenye ufunguo uliokuwa hapo, mzima, wa bure.

"Lulu! We Lulu! Itika!"

Hakuna aliyeitika.

"Vunjeni kioo!" Bi Tabu alipiga ukelele, na watu wa foleni wakageuka. "Kioo, Marietha, dirisha la kulia!"

Akasikia kioo kikimwagika. Akasikia Albano akikohoa, na kufuli likikatika, na mlango wa chumba ukigoma kwa sababu ya yale matambara yaliyosokomezwa chini yake. Halafu Marietha akasema, si kwa kumwambia yeye, kwa kusema tu: "Mungu wangu, wote wamelegea." Simu ikadondoka. Kulikuwa na vishindo, kitu kizito kikiburutwa, kisha ikakata.

Alipiga, haikupokelewa. Alipiga tena. Yule askari alikuwa tayari amepiga simu ya msaada kuelekeza nyumba ilipo, akawatafutia bajaji, akawaingiza watatu hao ndani, akamwambia dereva asisimame kwa mtu.

Ndani ya bajaji, Najat alikaa amekumbatia magoti yake mwenyewe. Shomari akauliza kama watarudi kupanda gari la zimamoto, maana zamu yake ilikuwa inakaribia. Bi Tabu alimwambia Mungu achukue chochote. Alimtajia magoti yake, macho yake, nyumba ya Mtoni, kisha akaona aibu kwa kumtajia Mungu vitu vilivyochakaa, akamwambia: nichukue mimi. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia adui yeyote. Alikumbuka alivyokuwa anafurahi akisokomeza yale matambara. Aliimba, hata. Alikuwa anaimba.

Marietha alipiga wakiwa wameshapita Tazara.

"Mtoto kalia, mama. Tulimweka uani kwenye upepo, akakaa kimya, akakaa kimya, halafu kalia."

"Na Lulu?"

"Anapumua. Hajafumbua macho. Tupo njiani hospitali."

Hospitalini walimkuta Lulu amewekwa mpira wa hewa puani, midomo imekauka, nywele zimejaa vumbi la uani. Mtoto alikuwa chumba cha pili na daktari; daktari alisema yu hai, ila watamwangalia kwa siku kadhaa kabla ya kusema lolote zaidi. Marietha alikuwa amefungwa bandeji kiganjani, kioo kilimkata. Marietha akasogea kwenye benchi ili Bi Tabu akae.

Mudathir, aliyeitwa kupitia ofisi ya kiwanda, aliingia alasiri, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi zake. Alimtazama mkewe, kisha akawageukia wote.

"Nani kaziba dirisha na jiko linawaka? Lulu? Huyu mwanamke nimemwambia mara ngapi..."

"Mie," Bi Tabu alisema. "Jiko ni mie. Dirisha ni mie, na kufuli ni mie."

Mudathir akakaa sakafuni palepale, mgongo ukutani, mtu mzima mwenye watoto watatu, akajifunika uso.

Jua lilikuwa linashuka Lulu alipofumbua macho. Aliyazungusha polepole mpaka yakamkuta mama mkwe wake, akajaribu kujiinua, kwa heshima, akashindwa.

"Niliamka, mama," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mara mbili. Nilifika dirishani, nikashika kishikio."

"Ukakosa nguvu, mwanangu?"

"Nguvu nilikuwa nazo." Akavuta hewa. "Ulinikataza. Niliogopa utaona sina adabu. Nikarudi kulala."

Bi Tabu alingoja mtu amtukane. Alitamani Mudathir ainuke, au Marietha aseme lile aliloanza kulisema siku ile na mayai mkononi. Najat alikuwa anamtazama, na alikuwa ameelewa kila kitu.

Muuguzi akaingia na mtoto amefungwa kwenye shuka la hospitali. Alisema mama bado hana nguvu za kumshika, na mtoto anataka joto la mwili, nani atampakata? Mikono ya Bi Tabu iliinuka yenyewe, kama ilivyokuwa imeinuka kwa kila mtoto wa ukoo ule kwa miaka arobaini. Akaitazama. Akairudisha mapajani.

"Mpe Marietha," alisema.