Treni Inayoinama

Harusi ya binamu yangu Bourhane ilivunjika kwa sababu ya treni, na katika visiwa vyetu hakuna treni hata moja.

Ilikuwa mwaka 1981, mamluki wa kizungu wakiwa ndio walinzi wa rais. Mimi nauza sufuria soko la Volo Volo, hapa Moroni. Bourhane alikuwa baharia. Alikuwa amemposa Naïma, binti ya Maalim Boina wa Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, na ng'ombe wa harusi tulikuwa tumeshampeleka. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia nyumba ya mke, nyumba iliyojengwa na baba mkwe. Kwa hiyo baba mkwe humchunguza sana anayemfungulia mlango.

Tulipofika Mutsamudu tulikaribishwa barazani kwa Maalim, pamoja na wazee wa mtaa. Maalim akamuuliza Bourhane ameona nini duniani. Angesema ameona bahari, tungekula tukapumzika. Akasema kwamba huko Japani, meli yao ilipokuwa ikitengenezwa Nagoya, alipanda treni ya umeme inayokwenda milimani. Ina rangi ya maziwa na mstari mwekundu, vituo vidogo inavipita tu, na ikifika kwenye kona mabehewa yanainama yenyewe upande wa ndani ili isipunguze mwendo.

"Inainama kwa heshima ya nani?" akauliza mzee Sounhadj.

"Ya kona, mzee."

"Na ikiinama, inaelekea kibla?"

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Maalim hakucheka.

"Mwanangu, gari likiinama linaanguka."

"Hii imetengenezwa iiname, baba."

"Binti yangu simpi mwongo. Niletee mtu mmoja tu aliyeiona."

Tulipotoka nikamwambia Bourhane, "Sema ulikuwa unatania. Yaishe."

"Lakini niliipanda."

"Sikukuuliza kama uliipanda."

Kesho yake, ng'ombe akiwa ameshachinjwa, Bourhane alishinda bandarini akitafuta shahidi. Mabaharia wa pale walikuwa wamefika Majunga na Marseille. Japani hakuna. Alasiri akarudi barazani amefurahi, ameongozana na mzungu mwenye bunduki.

Alikuwa mamluki. Kiswahili alikipata vitani Kongo. Maalim alikipata Unguja, kwa kusoma. Wakaelewana vizuri.

"Ni kweli, mzee," mzungu akasema, amesimama na buti zake juu ya mkeka. "Ile treni inainama. Mimi nilitapika."

Akaonyesha kwa mwili wake jinsi ilivyoinama. Akaonyesha pia jinsi alivyotapika. Kisha akamshika Bourhane bega, akamwita ndugu, akampa sigara. Bourhane akaipokea, wakacheka pamoja.

Kando ya Maalim alikuwa amekaa mpwa wake, Mouridi. Mwaka uliotangulia mamluki wa kundi la mzungu huyo walimchukua Mouridi kwa maswali, akarudi bila meno ya mbele. Mouridi akainuka, akaingia ndani.

Mzungu alipoondoka, Maalim aliukunja ule mkeka.

"Treni nimeiamini," akasema. "Ulisema kweli, mwanangu, na nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Lakini mji mzima huu, shahidi uliyempata ni huyu, na anakuita ndugu. Ndugu yake simfungulii mlango."

"Baba, si ulitaka mtu aliyeiona?"

"Nilitaka. Ndiyo maana nakuomba radhi."

Tulirudi Moroni na kukuta habari zimeshafika. Hasara yetu ilikuwa hii: mchumba mmoja, aliyeolewa baadaye na Soidri, muuza vitambaa ambaye hajawahi kutoka kisiwani. Nyumba moja ya mawe, vyumba vitatu, dari mpya. Wateja wangu wote wa Ikoni, mji wa jirani, ambao hawakununua tena sufuria kwa binamu wa rafiki wa mamluki. Na ng'ombe mmoja. Ngozi tulirudishiwa.