Kilimia Juu ya Paa la Mawaleh

Joto la Maskati lilikuwa limevunjika, na Novemba ile ya 1998 watu wa Mawaleh wakaanza tena kupanda kwenye mapaa yao kupunga upepo. Ndiyo maana Bi Wadha aliwatandikia wageni mkeka juu. Wageni wenyewe si wa mchezo: Shaikha, mama yake Hatem, alikuja kumtazama Nasriya kabla posa haijakubaliwa. Wanaume walibaki chini na kahawa yao.

Mchana kutwa Wadha alimsihi bintiye: leo Kiarabu tu, Kiswahili akifungie kabatini. Watu hawa hawakuwahi kutoka Oman, na kwao aliyezaliwa Tabora, hata awe Mwarabu wa Oman kwa asili kama Nasriya, ni mgeni mpaka afe. Nasriya akakubali. Alimpenda Hatem, na mapenzi humfanya mtu ameze hata mwiba.

Nyota ndizo zilizoharibu mambo. Balqees, mjukuu wa Shaikha, alisikia kwamba Nasriya anafundisha jiografia, akataka aonyeshwe mbingu. Nasriya akamwonyesha nyota nne zilizojipanga mraba juu ya utosi, ule mwili wa Farasi. Kando yake lipo doa hafifu kama ukungu. Ukilikodolea linapotea, ukilitazama kwa pembe ya jicho linarudi. Kisha akageukia mashariki, kilipochomoza kishada cha nyota zilizobanana. Jina lake la Kiarabu alilijua fika, Thurayya, lakini ulimi hauna mfupa.

"Kile Kilimia," likamtoka.

Mtoto akauliza maana yake, naye hakurudi nyuma. Alimweleza kwa Kiarabu kwamba jina linatokana na kulima, na kwamba kishada kikichomoza jioni namna hii, watu wa Tabora hushika majembe.

Uso wa Shaikha ukakunjamana. Akasema jina hilo alirudishe kwao. Kisha, bila haya, juu ya mkeka wa watu, akatoa sharti: wajukuu atakaomzalia wasisikie hata neno moja la Kiswahili, na Hatem ameshakubali.

"Kwetu ni hapa ulipokaa," Nasriya alimjibu kwa Kiarabu kisicho na doa, akashuka ngazi.

Akamwita Hatem mlangoni pa majlisi walimokaa wanaume, akamuuliza kama ni kweli. Hatem hakukana. Alimbembeleza kwa upole kwamba ni maneno ya kumridhisha mama tu. Wakishaoana, ataweza kuzungumza Kiswahili na wazazi wake apendavyo, chumbani, kwa sauti ya chini.

Moyo ulimuuma Nasriya, tena sana, maana mtu huyu bado alimtaka.

"Mimi sinong'oni nyumbani kwangu," akamwambia. "Posa yenu ichukueni."

Wadha alikuwa ameyasikia yote kutoka ngazini, Shaikha yuko nyuma yake. Nasriya akangoja lawama. Mama mtu akajitanda kanga yake vizuri, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani:

"Nasriya, mwanangu, wali unapoa. Nnapakua sasa hivi. Wageni wakitaka kula wakaribie, wasipotaka mlango wanaujua."

Wala hakumtafsiria mtu.