Jaji Mwenye Nguo za Nyumbani

Mimi nina hasira za karibu, walionizaa wanajua. Kwa hiyo Otto aliposema mbele ya kikundi chetu kizima kwamba ninachokitafuta hakipo, na kwamba mada yangu ifungwe, nilihisi masikio yanawaka moto. Yeye alikuwa ofisini kwake Ujerumani. Mimi nilikuwa likizo Songea, sebuleni kwa dada yangu Severina, mtaa wa Bombambili, nimejifunga kitenge juu ya sweta kwa baridi ya Julai, kompyuta iko kwenye meza ya kulia chakula, bando nimelinunua kwa ajili ya mkutano huo tu.

Kazi yetu ni hii. Kuna mashine inayogonganisha viini vizito, vya dhahabu kwa mfano, kwa kasi ya kutisha. Kila mgongano unatapika chembe kwa mamia, na sisi tunahesabu protoni zilizomo. Mgongano huu unatoa idadi hii, wa pili unatoa nyingine, hata kama yote miwili ni ya aina moja. Idadi inayumba. Sasa kule kuyumba ndiko kwenye habari, maana kitu kikikaribia kubadili hali yake hakitulii, kama maji ya ugali yanavyohangaika kabla ya kuchemka. Nilikuwa nimetafuta kuyumba huko kwa miaka mitatu, na shahada yangu ya uzamivu ilitegemea hilo. Mada ikifungwa, nimekwisha. Ufadhili unakatika na mimi narudi nyumbani mikono mitupu.

Grafu ya kikundi ilikuwa imelala chali, haina hata kilima cha kuonyesha mahali kuyumba kunapozidi. Grafu yangu ilikuwa na kilima. Otto akasema kilima changu ni makosa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa kwenye upangaji. Kabla hujahesabu protoni, lazima uitenge migongano: iliyogongana uso kwa uso huku, iliyokwaruzana pembeni kule. Unaitenga kwa kuangalia wingi wa chembe zote zilizotoka. Lakini protoni zenyewe zikiwemo kwenye upangaji huo, zinajipima zenyewe, na kuyumba kunafichika. Hilo kila mtu kikundini analijua, na Otto alikuwa ameshaziondoa.

"Umeziondoa ulizozitambua," nikamwambia. "Zile zinazokimbia mno, chombo kinashindwa kuzitambua. Bado zimo humo humo kwenye upangaji."

"Ni chache," akajibu. "Haziwezi kubadili kitu. Lidwina, mtafiti mzuri anajua wakati wa kuacha."

Kuacha! Jane, mwenyekiti wetu, akauliza kwa upole kama kuna mwingine mwenye la kusema kabla hajafunga. Kiingereza chote kilinikauka mdomoni, nikabaki nahema tu.

Hapo ndipo Severina akatokea jikoni na kikombe cha chai. "Mbona umevimba hivyo, mdogo wangu? Huyo Mzungu anakukatalia nini?"

Nikamgeukia. "Dada, yale mashindano ya kwaya kigangoni kwenu, si mlilalamika kwamba jaji mmoja ni mwanakwaya wa wapinzani?"

"Tulilalamika! Kaja kukaa mezani na sare ya kwaya yake mwilini, hana hata haya. Wakamwondoa."

"Na mwenzake je?"

"Aah, yule mwenye nguo za nyumbani! Katulia tuli pale mezani, nani atamjua? Kwaya yake iliimba hovyo siku ile, basi akahakikisha alama zote zinalingana. Eti hakuna aliyemzidi mwenzake! Sisi tuliokesha tukifanya mazoezi!"

"Basi ndiyo hayo hayo. Otto kamwondoa jaji mwenye sare, anadhani kazi imekwisha. Mwenye nguo za nyumbani bado yuko mezani, analinganisha alama, halafu mimi naambiwa hakuna anayeyumba! Nimemweleza wee, nimechoka. Kichwa kigumu kama kisiki cha mninga!"

Kicheko kikalipuka kwenye kompyuta. Alikuwa Alfani, mwenzetu kikundini, mzaliwa wa Mbesa kule Tunduru, naye anasoma Ujerumani. Nikaangalia chini ya skrini. Yesu na Maria! Kipaza sauti changu kilikuwa wazi muda wote.

"Wallahi, Lidwina, hiyo nimeielewa kuliko kurasa zako zote," Alfani akasema kwa Kiswahili, bado anacheka. "Nitafsiri? Na kisiki nacho?"

"Kisiki kiache, tafadhali!"

Akatafsiri. Na kisiki hakukiacha, mshenzi yule. Nilitamani ardhi ipasuke.

Otto hakucheka. Aliisogelea kamera yake. Kisha akauliza, "Huyo mwenye nguo za nyumbani, unataka tumkamateje?"

"Hatumkamati," nikasema, na sasa Kiingereza kilirudi chenyewe. "Tunabadili meza nzima. Chombo kina vihesabio pembeni kabisa, mahali ambapo protoni tunazohesabu hazifiki. Hivyo ndivyo viwe majaji. Mimi nilifanya hivyo, na kilima kikaonekana."

"Nitapiga hesabu mwenyewe," akasema. "Kwa programu yangu, bila kuigusa yako. Kesho saa kama hii. Nisipokiona hicho kilima, mada inafungwa, na wewe unaomba radhi kwa ajili ya kisiki."

Nikakubali. Ningefanyaje?

Msinidanganye kwamba mtu mwenye haki haogopi. Mimi niliogopa. Huenda nilikosea mstari mmoja wa programu, na kilima changu ni uzushi mtupu. Asubuhi Severina aliniona nazungukazunguka uani, akaniketisha mbele ya rundo la mahindi. "Pukuchua," akasema. "Hasira na woga vyote vitatoka kupitia vidole." Nilipukuchua mpaka vidole vikachubuka, na woga haukutoka hata punje.

Saa tisa alasiri wote tulikuwa mkutanoni. Otto alikuwa hajanyoa ndevu, macho mekundu. Hakusalimia. Akaweka grafu yake kwenye skrini tuitazame.

Kilima kilikuwepo. Mahali pale pale, kimo kile kile, na vistari vya makosa juu na chini yake, vinavyoonyesha tungeweza kukosea kiasi gani, vilikuwa vifupi, havikaribii hata kidogo ile grafu ya zamani iliyolala.

"Nilitaka sana awe amekosea," Otto akasema polepole. "Nimetupa nusu ya takwimu, kimebaki. Nimebadili mipaka yote, kimebaki. Tangu jana nimejaribu kukiua kwa kila njia ninayoijua, na hakifi. Lidwina yuko sahihi. Makosa yalikuwa kwenye upangaji wangu."

Jane akasema mada haifungwi, grafu ya zamani inatolewa, na makala nitaiandika mimi, jina langu likiwa la kwanza. Nikafungua mdomo nishukuru. Yakatoka machozi badala ya maneno, nikafunika uso kwa kitenge kama mtoto.

Severina akanijia mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Wamekufanya nini? Wamekufukuza? Semeni, mmemfanya nini mdogo wangu?"

"Shikamoo, dada," Alfani akamjibu kutoka kwenye kompyuta. "Hatujamfukuza. Ameshinda. Walikuwa wengi, yeye alikuwa peke yake, na wote wamekubali."

Dada yangu akatoka nje uani, akapiga kigelegele kilichofika barabarani. Bodaboda wakasimama. Majirani wakachungulia juu ya ua, mmoja akauliza anaolewa nani.

"Haolewi mtu!" Severina akapaza sauti, unga ukimpukutika viganjani. "Mdogo wangu kabishana na wasomi wa dunia nzima, akiwa amekaa hapa hapa Bombambili, na wao ndio waliokosea!"