Nyasi za Kufika Goti

Mume wangu Emukule ni mtu wa sheria, mimi ni mtu wa mdomo. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hapa karibu na Amagoro, na nyumba haijaanguka. Lakini mwaka huu sheria yake ilituachia zizi tupu, na mdomo wangu haukusaidia kitu.

Zamani ng'ombe wa kijiji walilishwa kando ya mto Malaba, bonde zima, na hakuna aliyeulizwa. Siku hizi bonde limekatwa vipande. Huku mashimo ya udongo wa matofali, kule miwa, kule mikaratusi inayofyonza maji bila kushiba. Malisho yaliyobaki ni kipande kimoja, na familia tano tunakitegemea, sisi, jirani yetu Osukuku na wengine watatu. Ukame ulipokitafuna hadi udongo ukaonekana, tulikaa tukakubaliana kukifunga. Hakuna mnyama kuingia mpaka mvua inyeshe na nyasi zifike goti, la sivyo mizizi itakufa na tutabaki na uwanja wa mpira. Emukule akachaguliwa mlinzi. Waliomchagua walimjua vizuri: mtu huyo hata harusini haongezi nyama.

Mvua ya Machi haikuja. Aprili ikaingia na jua lile lile. Ng'ambo, Uganda, tulikozoea kuwapeleka ng'ombe kwa shemeji zangu, kulikuwa na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe wetu wawili wakafa. Akabaki Madoa, mbavu nje, na mimba kubwa. Nilimfunga kando ya barabara ya malori, lakini nyasi za pale zilinuka oili, akawa anazinusa na kugeuza kichwa.

Madoa hakuwa ng'ombe hivi hivi tu. Alikuja na mahari ya binti yetu Brendah, na kati ya wale wote walioletwa siku ile alikuwa amebaki yeye. Tena kwetu Wateso, mzee asiye na ng'ombe husalimiwa vizuri, lakini mkutano haumngoji. Madoa akizaa, tungeanza upya. Akifa, kwa umri wetu huu, basi.

Mwisho wa Aprili mvua ikanyesha. Nililia kwa furaha pale mlangoni, nikalowa. Siku chache baadaye malisho yalikuwa na kijani, lakini kijani cha urefu wa kidole.

"Baba Brendah," nikamwambia, "ingiza Madoa jioni moja tu. Wewe ndio mlinzi, nani atakuona?"

"Osukuku atauliza mbona ng'ombe yangu imeshiba."

"Si aulize!"

"Akiuliza, kesho ataingiza zake zote nne. Na wengine watafuata. Hiyo nyasi itaisha hata haijashika mizizi."

"Kichwa ngumu wewe! Utakula hiyo sheria?"

Alisimama akitazama shamba letu nyuma ya jikoni. Mtama tulioupanda mapema ulikuwa umeungua na jua, ukabaki vishina, na sasa mvua ilikuwa imevichipusha, laini, kijani kibichi, virefu kuliko nyasi za bondeni.

"Hii ni yetu," akasema. "Hii haina sheria ya mtu."

"Si wanasema mtama changa inaua ng'ombe?"

"Hiyo ni ile ya kiangazi, imekauka na jua. Hii imeshanyeshewa, Mama Brendah. Mvua imeiosha."

Nikaona ni maneno ya maana. Nani kati yetu angejua zaidi? Hata baba yake Emukule hakuwahi kulisha ng'ombe mtama mchanga, maana bonde lilikuwapo.

Madoa alikula kwa kelele, mkia ukipiga huku na huku. Emukule alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu Krismasi, nikaenda kuchota maji nikiwa nimemsamehe yote.

Niliporudi, Madoa alikuwa anatetemeka. Miguu ya nyuma ikapishana, povu likamtoka, akaanguka juu ya mtama wenyewe akihema kama mtu anayezama. Emukule alimshika kichwa, akamwita kwa jina. Hakukawia. Alipokwisha kutulia, tumbo lake bado lilikuwa linacheza. Emukule akaweka mkono pale na hakuuondoa mpaka likaacha.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Amagoro, akachuma chipukizi moja, akatikisa kichwa. "Mzee, hii inayochipuka mvua ikinyesha baada ya ukame ndio iko na sumu mbaya kabisa. Ungengoja irefuke." Alisema kwa upole. Akatuambia tumzike, na nyama isiliwe.

Osukuku alikuja kusaidia kuchimba shimo. Walipomaliza alipangusa jasho, akasema, "Mzee, tumekubaliana wote. Tufungue malisho kesho. Imetosha hii shida."

Emukule aliteremka bondeni na tope la shimo mikononi, akasimama katikati ya nyasi. Zilikuwa hazijafika hata nusu ya ugoko.

"Bado," akasema.

Nilimfokea mbele ya watu. Nilimwuliza anamlindia nani nyasi sasa. Akaniambia taratibu kwamba kama angezifungua sasa, Madoa angekuwa amekufa bure. Nikageuka nikapanda nyumbani, lakini hasira haikunyamaza. Ilikaa nami siku zote zile alipokuwa akishuka asubuhi kulinda majani ambayo hakuwa na hata ng'ombe mmoja wa kuyala.

Zilipofika goti, aliwaita majirani. Akatoa miti iliyoziba lango la malisho mmoja mmoja, akasogea kando. Ng'ombe wa familia nne waliingia wakisukumana, na bonde likajaa sauti ya kung'oa na kutafuna.

Emukule alikuwa amewapa mgongo, anatazama barabarani.

"Alupo," akaniita. Kwa kawaida huniita Mama Brendah. "Wanakula vizuri?"

Niliwatazama. Nyasi zilikuwa nzito, zina umande, sijaona kama hizo kwa miaka.

"Wanakula," nikamwambia, nikamshika mkono, na mdomo wangu wote huu sikupata neno lingine.